Wimbo Aliokutungia Mama

Rauland, Telemark,
Norwei.
12 Novemba 2023

Mpendwa kaka Tarjei,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko Kanada? Goti lako linaendeleaje? Sisi ni wazima, theluji imewahi na kondoo wote wamo zizini. Ila mama hayuko sawa, kaka, na moyo wangu una huzuni.

Unaukumbuka wimbo wa fidla aliokutungia wiki ile uliyoondoka? Mwezi wa Aprili aliurekodi kwa ajili ya albamu ya wapigaji wakongwe. Akaletewa fomu: mtunzi ni nani? Unamjua mama. Kwetu mpigaji humtaja kwanza aliyemfundisha, basi akaandika jina la mwalimu wake, "Gjermund". Jina lake mwenyewe hata herufi moja! Mimi nilikuwa namenya viazi, sikuangalia. Najilaumu mpaka leo.

Sasa mjukuu wa marehemu Gjermund, yule Sondre wa Oslo asiyejua hata kukaza nyuzi, amezuia wimbo usitolewe. Eti mama ameuharibu wimbo wa babu yake! Nikampigia simu.

"Bi Ingebjørg, jina la babu ameliandika mama yako kwa mkono wake. Sheria ni sheria."

"Babu yako angekucharaza kwa upinde wa fidla!" nikamwambia. Akakata simu.

Siichukii sheria. Mtunzi asiibiwe jasho lake. Lakini haki hiyo ya mtunzi hubaki kwa warithi wake miaka sabini baada ya yeye kufa, na Gjermund alikufa 1991. Mama ana miaka themanini na mitatu. Na huyo Gjermund nyimbo zake alizitoa wapi, kama si kwa waliomtangulia, akaongeza chake?

Nimemsihi mama aandike kwamba alikosea. Hataki kusikia. "Nimfute mwalimu wangu? Ndiye aliyenishikisha upinde."

Jana nilimkuta dirishani akiimba puani kitu kipya, kitamu ajabu. Aliponiona akanyamaza. "Ingebjørg, huo niliusikia kwa nani?" akauliza kwa hofu. Nikamwambia ni wake. Akatikisa kichwa tu. Fidla hajaigusa tangu Agosti, Sondre alipouzuia wimbo.

Nisalimie wifi Louise na watoto, Anders na Maren. Mungu awafunike huko mliko.

Na tafadhali mpigie mama simu, umwombe akupigie wimbo wako. Mimi nilipomwomba, aliniuliza kama Sondre ameruhusu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Ingebjørg