Kilima Ambacho Gidamis Hakukibuni

Nangwa,
9 Juni 1983

Mpendwa Kaka Hermani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maretadu, wewe na wanafunzi wako. Sisi hatujambo. Mama alikwenda Haydom kupima jicho, akarudi kwa basi la Jumanne na dawa ya matone. Sasa anachambua maharage mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mimi bado napiga chapa kwenye ofisi ya shamba la ngano.

Sura yako mpya ya sayari yetu ya kubuni imefika pamoja na barua yako. Umemsifu sana mwenzetu Gidamis kwa sura zake tatu za mwisho, ukasema siku hizi anajua kuandika watu wenye huzuni bila kuwaliza. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Tulipoanza daftari hili la hadithi tuligawana kazi: wewe mitambo, mimi watu na lugha yao, Gidamis ardhi na maji. Tukakubaliana kwamba hakuna wa kufuta cha mwenzake, ila kuongeza tu. Desemba uliandika kwamba mitambo yako imesawazisha Kilima cha Mviringo, kile alichokiandika Gidamis, ili watu wapande chakula. Nilimpelekea Gidamis sura hiyo. Aliisoma amesimama, akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

"Verediana," akaniambia, "kile kilima sikukibuni. Babu yangu amezikwa pale. Trekta za shamba la ngano zilipita juu yake msimu uliopita."

Kesho yake akaondoka na ng'ombe wa baba yake kwenda bondeni. Hakusema atarudi lini.

Wewe hukujua, kaka. Mimi ningeweza kujua, maana orodha ya maeneo mapya ya kulimwa niliipiga chapa mimi, na sikuuliza kitu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Zile sura tatu si za Gidamis. Niliziandika mimi, nikaiga mwandiko wake. Niliogopa kwamba ukisikia ameacha, nawe utaacha. Unisamehe.

Juzi alirudi. Nilimweleza yote, nikampa daftari. Alisoma akiwa ameketi kwenye benchi letu, mama akamletea uji. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba watu wakifiwa hawaongei mapema kama nilivyowaandika, kwanza wanakaa kimya. Kisha akaomba kalamu.

Nimeuweka ukurasa wake ndani ya bahasha hii. Kilima hakukirudisha. Ameandika kwamba watu wa sayari wamefika mahali kilipokuwa, wameketi chini kwa duara, na mitambo inakuja kulima. Akaishia hapo. Nilipomuuliza kama mitambo itawapisha watu hao, alijibu kwamba mitambo ni ya Hermani.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama blanketi linatosha kwa baridi ya huko. Wasalimie walimu wenzako.

Ni mimi mdogo wako,
Verediana