Kiti cha Baba Mkubwa Leizer Katika Mkahawa wa Sarafu

Mtaa wa Audubon,
New York.
11 Machi 1970

Mpendwa Shangazi Fruma,

Na ninyi wapiganaji wenzangu wa meza ya karata, mama zangu wa chama cha washonaji, ambao najua mmeketi hapo barazani Miami mkimsubiri Shangazi avae miwani awasomee: nawasalimu nyote kwa heshima ya mapambano yanayotuunganisha.

Shangazi, goti linaendeleaje? Daktari amekubali hatimaye kwamba ni goti na si uzee? Bi Tsivia kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Theluji imeng'ang'ania kando ya njia, na Baba anagombana kila asubuhi na mabomba ya joto, nayo yanamjibu.

Barua yako ilinifikia. Umeandika kwamba ulipowasomea wenzako habari za mgomo wetu wa kuketi, walisimama wakapiga makofi, na Bi Tsivia akasema, "Hiyo ni damu ya Fruma." Niliisoma mara mbili, kisha nikaifunika kwa kitabu. Makofi yale sikuyastahili. Naomba mnisikilize tena, safari hii bila kunipamba kwa maneno mazuri.

Niliyowaambia yalikuwa kweli. Wenye mali wametangaza kuufunga mkahawa wetu wa sarafu mwisho wa mwezi huu, wafungue duka la mikate ya nyama. Ni kweli tulijaza ukumbi mzima tangu mchana hadi jioni, kila mwanafunzi na kikombe kimoja cha kahawa. Ambalo sikuwaambia ni kwamba viti vile vilikuwa na wenyewe.

Wewe ndiwe uliyenipeleka pale mara ya kwanza. Ulininyanyua nitumbukize sarafu, nikazungusha kishikio, kidirisha kikafunguka kwa mshindo, na pai ya boga ikawa yangu. Nyuma ya kioo ukatokea mkono, ukaweka pai nyingine, ukatoweka. Niliuaga mkono ule kila tulipoondoka, nawe ulicheka hadi ukajifuta macho. Kahawa ilitiririka kutoka kinywani mwa samaki wa shaba. Hakuna aliyekutazama viatu, hakuna aliyekuuliza utaondoka lini. Aliyekosa hela alichukua maji ya moto na sosi ya nyanya, akajitengenezea supu, akainywa kwa heshima zake zote mbele ya karani wa benki. Pale, mama zangu, ndipo nilipouona usawa kabla sijaukuta kitabuni.

Na ulinifundisha desturi moja. Mtu asiye na wa kumlindia kiti, kabla hajaenda kwenye vidirisha, huinamisha kiti chake mpaka mgongo wake uegemee meza. Kiti kilichoinama kina mwenyewe. Hata mlevi alikiheshimu.

Wenzangu wengi wa chuoni wamekulia katika vitongoji vyenye bustani. Desturi hiyo hawaijui. Waliviona viti vimeinama, wakadhani vimepangwa hivyo ili sakafu ifagiliwe, wakavinyoosha, wakaketi. Mimi niliijua. Niliwaona nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya kimoja ili nihutubie.

Nilikuwa nikieleza jinsi mji huu unavyowasukuma wazee wake pembeni, ndipo Baba Mkubwa Leizer alipotoka kwenye vidirisha na sinia lake: maharage ndani ya chungu kidogo, mkate, kahawa. Mnajua kwamba tangu afiwe na mkewe hula meza ya dirishani na rafiki yake Bwana Pinkus. Kwenye kiti chake alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwenye ndevu, anasoma.

"Kijana, hicho kina mtu."

"Leo viti ni vya umma, mzee."

"Basi umma ndio mimi. Sogea."

Watu wakacheka, kisha wote wakanigeukia waone kiongozi atasema nini. Ningeweza kusema: huyu ni kaka wa baba yangu, mwondokeeni. Nililiona koti lake lililofungwa kwa pini, nikaona namna wenzangu walivyokuwa wakilitazama, nami nikasema kwa sauti ya jukwaani, "Mzee wetu, tuvumilie kidogo. Hapa tunakupigania wewe."

Shangazi, nilimwonea haya. Mwanamapinduzi niliyeapa kusimama na mwenye koti la pini, nilimkana mwenye koti la pini alipotokea kuwa wangu.

Alinitazama sana. "Haya, binti, nipiganie. Ila maharage yanapoa."

Akaliweka sinia juu ya bomba la joto ukutani, akala vijiko viwili akiwa amesimama, akatoka. Bwana Pinkus na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nasi, Mungu anisamehe, tulishangilia kwamba ukumbi mzima sasa ni wetu.

Tangu siku hiyo Baba Mkubwa hajarudi. Katika chumba anachopanga hairuhusiwi kupika. Anakula biskuti na dagaa wa kopo, na amekonda. Bwana Pinkus huinamisha viti viwili kila mchana, chake na cha rafiki yake, anakula bila kuzungumza na mtu. Mwisho wa mwezi milango itafungwa, na siku walizobakiza wazee wale za kula pamoja ndizo ninazowaibia.

Jumapili nilikwenda kumbishia hodi Baba Mkubwa.

"Nani?"

"Shifra, Baba Mkubwa."

"Shifra yupi? Wa ndugu yangu au wa mkutano?"

Kabla sijajibu, akaongeza:

"Akija wa ndugu yangu, mwambie mlango haujafungwa. Wa mkutano aniachie kipeperushi."

Sikuthubutu kushika kitasa. Sikuwa na hakika mimi ni yupi. Kesho yake niliwaeleza wenzangu kikaoni kila kitu, na kwamba mzee yule ni damu yangu. Yule wa ndevu akasema, "Mwenzetu, unachanganya ukoo na siasa." Nikamjibu kwamba siasa inayomwonea haya mzee wake mbele za watu haiwezi kumkomboa mzee wa mtu mwingine. Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa afadhali.

Jana nilirudi, nikafungua mlango. Nilimwambia usoni, "Nilikuonea haya kwa ajili ya koti."

"Najua. Koti lenyewe linanionea haya mimi."

Nikamwomba arudi mezani kwake. Akakataa: hataki kuingia mle watu wamtazame kama bendera. Sikuweza kumlaumu, niliyemgeuza bendera ni mimi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mpigie simu Jumamosi kwa mama mwenye nyumba, Bi Halloran. Usiniombee msamaha, huo ni mzigo wangu, nitaubeba kwa miguu yangu. Mwamuru tu kama dada mkubwa aende akale chakula cha moto na rafiki yake. Duniani hamwogopi mtu mwingine ila wewe.

Nisalimie Bi Tsivia, Bi Malka na binamu Hershel akija kukutembelea. Baba na Mama wanakusalimu. Hawajui bado, nitawaambia mwenyewe. Mungu akupe nguvu ya goti na urefu wa siku, na akulinde na wapwa wenye sauti kubwa.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye kuliko ninavyostahili,
Shifra

Tangazo kwa wanachama wote: mkutano ujao ni Jumapili, saa sita mchana, mkahawa wa sarafu, meza ya dirishani. Wajumbe wanaotarajiwa ni Bwana Leizer na Bwana Pinkus. Mimi nitabeba masinia. Hakutakuwa na hotuba.