Jina la Kanga Ulilolibakiza

Baba Zaina wangu,

Nimekaa kwenye kiti chako huku chini kava, kwenye chumba cha chini ya nyumba, na miwani yako ya kijani bado iko kichwani. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe. Mimi niliyekuwa nikiimba kila siku kwamba mashine hii yako ya kukatia mbao itatuunguza sote, pamoja na nyumba ya watu, leo nimeiwasha mwenyewe.

Zaina anaolewa Jumamosi. Vipande vya pambo la nyuma ya kiti chake ulivikata vyote kabla hujaingia hospitali, isipokuwa kimoja. Ulivichora kutoka kwenye kanga yangu ya harusi, ile niliyojifunga siku tunaondoka Bujumbura. Pindo ukalikata, korosho za katikati ukazikata, jina ukaliruka. Nilipokuuliza ukasema, "Jina ni ya mwisho, Mama Zaina. Muntu anamaliza nyumba, alors ndiyo anaandika kwenye mulango." Basi hukuwahi kuandika. Na mimi sikuweza kumkalisha mwanangu mbele ya kanga isiyo na jina, mbele ya watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wote waliotapakaa Brussels hii, maana unawajua: kabla hawajamtazama bibi harusi, watakuwa wameshaona kilichopungua.

Shida ilikuwa kompyuta yako. Uliileta mwaka 2009 kutoka ofisi iliyokuwa inaitupa, ikiwa tayari ajuza, ukaifungia mashine ya leza uliyoiunga mwenyewe ukitoka zamu ya kiwandani kule mtaa wa Forest. Zaina alishaniambia, "Maman, laisse, achana nayo, tununue ingine." Lakini kompyuta za siku hizi hazina lile tundu pana la zamani ambalo waya wa mashine yako unaingia. Na betri ya saa yake ilikufa siku nyingi. Kila ikiwaka inaamini tuko mwaka 2002. Kwa hesabu zake Zaina yuko shule ya msingi na wewe uko kazini, utarudi jioni. Tarehe ile nilikuwa naifuta upesi nisiitazame.

Masharti yako niliyakumbuka. Intaneti hapana, muziki hapana, kipanya kifunikwe kwa kopo la maziwa ya unga asije mtu akakigusa. "Iyi kompyuta iko na kichwa moja tu," ulikuwa ukisema. "Ikikuangaliya weye, donc itaacha kuangaliya mbao." Na ikiacha kuangalia mbao, ule mwale wa leza unasimama mahali pamoja na kuchoma. Kila ulipokuwa ukikata mimi nilikaa jikoni roho juu, nikinusa hewa. Ndipo ukanitafutia dawa. Bomba la kupashia nyumba joto linapita kava na kupanda hadi jikoni: nikiogopa nigonge kwa kijiko, nawe ukiwa mzima utajibu kwa bisibisi, mara moja, bila kuondoa jicho kwenye kazi. Nilikusumbua mno, mume wangu. Chai haijachemka nimeshagonga tena na tena, na kila mara ulijibu. Siku nyingine hata hofu sikuwa nayo. Nilitaka tu kukusikia.

Jana nilijaribu. Mbao za aina ile zilikuwa zimebaki mbili. Mdogo wako Rama akashuka nami, akidai mwanamke haachwi peke yake na moto, akakaa ametulia kama maji ya mtungi. Mashine ikaandika WASEME, ikaandika WACHOKE, nami nikaanza kupumua. Kumbe simu ya Rama imeisha chaji. Nyumba yetu unaijua: mtu akiona tundu anachomeka. Akachomeka kwenye kompyuta. Papo hapo dirisha likafunguka kwenye skrini kuuliza tuzifanye nini picha zake. Mashine ikakwama, ikaruka, ikalipasua neno SISI toka juu hadi chini, kisha ikasimama palepale ikitoa moshi. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuizima, nikauvuta ubao nje na kuumwagia ndoo nzima ya maji.

"Pardon, shemeji," alisema. "Nilizani inachaji tu."

Nilichomjibu tukiache. Ni mdogo wako.

Usiku sikulala. Ubao umebaki mmoja, mchoro umo kwenye kompyuta hii peke yake, na feni yake inalia kiasi kwamba sijui kama itawaka tena wiki ijayo. Leo mchana nimewafukuza wote juu, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikajaza ndoo, nikasema bismillahi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka yote nilidhani huku chini unastarehe! Kumbe ulikuwa unakaa na hofu hii hii, kidole juu ya kitufe chekundu, ukihesabu herufi.

WASEME. WACHOKE. SISI. Jasho linanitiririka mgongoni. Ndipo bomba likagongwa.

Tangu uondoke hakuna aliyeligusa bomba lile. Nilijua ni Zaina, yuko jikoni, ananusa. Mkono wa kulia uko kwenye kitufe, macho siwezi kuyaondoa, na nikipiga kelele hatanisikia. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Nikapapasa ukutani kwa mkono wa kushoto. Bisibisi yako iko kwenye msumari wake. Nikagonga mara moja.

Kisha, kupitia bomba, nikasikia kijiko kinaanguka sakafuni huko juu.

Mashine ikaandika TUPO, ikarudi pembeni, ikatulia. Nilipofungua mlango Zaina alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono ina unga, analia.

"Maman, nilizani ni Papa."

"Najua," nikamwambia. "Miye ndiye nilikuwa nikigonga zamani. Njoo uone."

Tumekiinua kipande pamoja dirishani. Pembeni kimeungua kidogo, kwenye herufi ya mwisho. Wenye macho watakiona. Waseme, wachoke.

Hofu bado ninayo, sitakuficha. Baada ya Jumamosi mwanao atakuwa kwa mumewe Koekelberg, na bomba letu halifiki huko. Nitakaa jikoni, nitachemsha chai ya mtu mmoja, na nikiingiwa na wasiwasi sijui nitagonga wapi. Ninakukumbuka mpaka mwili unauma. Mungu akulaze pema.

Kompyuta nimeizima taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya. Bisibisi nimeirudisha kwenye msumari wake. Nilipopanda juu mara moja kuchukua karatasi ya barua hii, nimeona Zaina anakifunga kile kijiko kwenye kanga, anakitia ndani ya sanduku lake la harusi. Sikumuuliza cha nini.

Ni mimi, msumbufu wako wa kijiko,
Mama Zaina