Maji ya Mwenyeji

Mwaka umetimia tangu uvuke kizingiti na ndoo mbili, sabuni ya mche kwapani, mumeo akikufuata nyuma na povu la kunyolea mkononi. Alikuwa amemwacha mteja kitini, shavu moja limenyolewa, la pili bado.

"Kanisa zima lina kwaya mbili," alisema. "Wenye sauti wote hao, mwenye ndoo ni wewe tu?"

"Ndoo haitaki sauti, baba."

"Kipindupindu hakiulizi nani kaokoka."

"Nami siendi kukihubiria. Rudi umalize ndevu za mtu."

Ukakata kona. Hukugeuka, maana ulijua bado kasimama pale pale.

Mtaani walikuita Mama Sabuni, na hukuchukia. Wagonjwa wasio na mtu wa kuwageuza kitandani uliwageuza wewe. Wazee waliojichafua uliwaosha, ukafua mashuka, ukasugua sakafu, ndipo ukaketi. Maombi uliyaweka mwisho, tena mpaka uombwe. Siku moja mzee wa kanisa alikukuta kwa bibi mmoja aliyepooza, akasimama mlangoni na kufungua Biblia. Ukampa brashi. "Tusaidiane kwanza, mzee. Huyu bibi atasemaje amina na mkojo unamwasha?" Mzee akakunja mikono ya shati. Alitusimulia mwenyewe msibani kwako, akicheka huku machozi yanamtoka. Kumbe ulimwambia pia kwamba Yesu alishika beseni na taulo, na kwamba miguu ile haikuwa misafi.

Ulikuwa na desturi yako, ambayo hata wenzako wa ushirika hawakuizoea. Kazi ikiisha, uliomba maji ya kunywa. Kiu hukuwa nayo. Ulisema mtu anayepokea tu, leo anapokea, kesho anapokea, mwisho hujiona mzigo. Mwache na yeye akupe kitu. Basi ukanywa kwenye vikombe vya bati, vya udongo vyenye ufa, vya plastiki vilivyoungua mdomo, na kila kikombe ulikirudisha kwa mikono miwili.

Siku ile ya mwaka jana nyumba uliyoiendea ilikuwa ya fundi viatu, kijana anayekaa na mama yake ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Kijana alilala kwenye mkeka, mashavu yamebonyea, hana hata nguvu ya kufukuza nzi. Majirani walishafunga madirisha. Wewe na mwenzako wa ushirika, mshonaji wa nguo, mlimwosha, mkamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mkamwaga dawa sakafuni. Mlikuwa mnangoja mkokoteni wa kumpeleka zahanati pale mama yake alipopapasa ukuta hadi kwenye mtungi, akachota.

"Karibu maji, mwanangu. Sina kingine."

Makaa yalikuwa yameisha nyumba ile, na maji ya mtungini hayakuwa yameonja moto. Mshonaji aliliona hilo, akakukanyaga mguu. Nawe ulijua, maana ni wewe uliyekuwa ukipita mlango kwa mlango ukiwahimiza watu wachemshe maji. Ulikunywa yote.

Nje mshonaji alikushika mkono. "Umefanya nini wewe?"

"Nimekunywa maji ya mwenyeji."

"Mwenyeji ana kipindupindu ndani!"

"Kwa hiyo ningemwambia nini mama wa watu? Kwamba mkono wake ni sumu?"

Mshonaji alikuja kutueleza haya wewe ukiwa umeshalazwa kwenye kile kitanda cha wagonjwa wa kipindupindu, chenye tundu katikati, dripu mikono yote miwili. Mumeo aliinama akatega sikio karibu na mdomo wako. Midomo ilikuwa inacheza, lakini sauti ilikuwa imekauka. Mpaka leo hajui ulitaka kusema nini. Ulituacha asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu. Fundi viatu, kwenye kitanda cha pembeni yako, alikuwa ameanza kuomba uji.

Tuseme kweli, mumeo aliwaka. Aliapa mbele yetu kwamba yule mama akitia mguu mazishini atamweleza kilichokuua, watu wote wasikie. "Atajua tu," alisema. "Mimi nilale na hili, yeye asilale nalo?" Hatukumzuia. Wengine wetu tulitaka aseme.

Mama alikuja, ameshikwa mkono. Akamtafuta mumeo kwa kuuliza huku na huku, akampata, akamshika viganja.

"Wewe ndiye mume wa Mama Sabuni?"

"Ndiye mimi."

"Mkeo alikunywa maji kwangu, baba. Tangu mwanangu aanze kuumwa hakuna aliyekubali hata kukalia kigoda changu. Yeye alikunywa mpaka kikombe kikawa kitupu."

Mshonaji akaangalia chini. Mama alikuwa bado amemshika, anangoja.

"Alituambia, mama," mumeo alisema. "Alisema yalikuwa ya baridi."

Wewe hukuwa umetuambia lolote.

Yule mama amefariki mwaka huu, kwa uzee, bila kujua. Ndiyo maana leo tunaweza kuandika haya. Mwanawe tulimweleza kwanza. Alimaliza kushona kiatu cha mtu kilichokuwa mapajani, kisha akasema tuandike. Mshonaji bado anaenda kwa wagonjwa. Hubeba maji yaliyochemshwa, akampa mwenye nyumba ammiminie kwa mkono wake. Wengine wa ushirika wameacha. Binti yako hataki kusikia habari za kanisa. Mdogo wake ameanza kusahau sauti yako, na hutuuliza ilikuwaje. Mumeo hajakanyaga ibadani tangu siku ile. Mchungaji amemfuata dukani mara kadhaa, akanyolewa, akalipa, akaondoka. Kaka yako, na safari zake zisizoisha, alifika kaburi limeshafunikwa, akakaa nasi kidogo, sasa yuko njiani tena.

Unakumbukwa na mumeo, kinyozi, binti yako na mdogo wake, mama yako mzazi, shangazi zako, kaka yako, na mshonaji, ambaye sasa ni ndugu. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.