Lebo ya Ncha ya Pili

3 Machi

Mama, shikamoo. Natumai mgongo umepunguza kuuma. Mimi mzima wa mwili tu, kichwa kimechoka.

Uliuliza kinachonizuia kuja nyumbani. Ni protini moja. Tunawafanya bakteria waitengeneze, na mwishoni mwake tunaunga kipande kifupi, kama lebo. Kisha tunamimina kila kitu kwenye mrija wenye shanga ndogo sana. Shanga zinatakiwa ziikamate lebo, uchafu upite. Yangu inapita na uchafu. Mara kumi na moja sasa! Profesa amenipa hadi mwisho wa Mei. Nikishindwa, meza yangu ya maabara anapewa mwingine.

Kitinda mimba wako

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo unanisumbua, lakini naamka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unajua miaka niliyoshona lebo kwenye magauni ya wagonjwa, pale chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanzoni tulishona shingoni. Gauni likikunjwa, lebo inaingia ndani, wanaopanga nguo hawaioni, nguo zinapotelea wodi nyingine. Tukahamishia kwenye pindo, matata yakaisha. Hiyo yako haijikunji? Jaribu ncha ya pili.

Mamako

2 Aprili

Mama, shikamoo. Pole na mgongo. Asante, lakini protini si gauni la mgonjwa. Kuhamisha lebo ni kuanza upya, na muda sina. Tatizo ni chumvi kwenye maji ya kusuuzia, nina hakika. Usijisumbue na haya mambo.

Kitinda mimba wako

17 Julai

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya.

Meza nilinyang'anywa. Mwenzangu aliyepewa alikuta barua yako kwenye droo, akaisoma bila hata kuniuliza. Akahamisha lebo. Juzi protini ilinasa kwenye shanga, jaribio la kwanza kabisa. Kumbe kweli ilikuwa inajikunja na kuificha lebo ndani. Nina hasira naye, na nafsi yangu zaidi.

Profesa ameniita nimsaidie. Nimekubali. Nasimama pembeni ya meza yangu mwenyewe, nampitishia chupa.

Nakuomba kitu kimoja: usiniandikie kwamba uliniambia.

Kitinda mimba wako

29 Julai

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni uleule.

Mwambie huyo mwenzako barua za watu hazisomwi. Mengine sijasema kitu.

Mamako