Hukuzama, Ulishuka

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu kombora lilipoipiga meli yako vitani nawe ukabaki nayo huko chini.

Miaka kumi na tisa ulikuwa fundi wa injini katika jeshi la majini. Uliingia hujui kufunga hata bomba la jikoni. Mama yako ni shahidi, bomba lenyewe linavuja hadi leo. Ukaishia fundi mkuu: unatega sikio kwenye injini, unasema, "Huyu bibi ana kikohozi," na kweli anacho.

Ulileta nyumbani nishani tatu: ya utumishi mrefu, ya kuokoa watu wa mafuriko, na ya tabia njema. Hiyo ya tatu ilimfanya mama yako ashike mbavu. "Hao wakubwa zako wangeniuliza mimi kwanza!" Ukamjibu, "Mama, polepole, wasije wakaichukua." Kila likizo ulizisugua kwa dawa ya meno, mswaki ukiazima wa dada yako.

Ya nne, ya ushujaa, imekuja bila wewe. Barua yake ilisema "alizama na meli," na maneno hayo ndiyo yangechongwa kwenye ukuta wa wanamaji waliokufa. Mama yako akakataa kuipokea nishani.

"Mama, ni neno tu," akamsihi afande aliyeileta.

"Baba, kinachozama ni jiwe. Mwanangu alishuka kwa miguu yake."

Alikwisha kuyasikia yaliyotokea kwa mwenzako aliyeokoka, yule mliyemwita Spana. Ulikuwa juu, salama. Ukamvika Spana jaketi lako la kuokolea, ukateremka chumba cha injini, ukawapandisha wenzako sita. Ukarudi kumfuata wa saba.

Spana akayaandika hayo ofisini kwao, akatia sahihi. Miezi saba afande hakupumua. "Bado hamjapata kifutio?" mama yako alimuuliza kila Jumatatu.

Wiki iliyopita ukuta ulifunuliwa. Mama yako akasoma kwa kidole, taratibu: "Alishuka kuwaokoa wenzake." Ndipo akanyoosha mkono kuipokea nishani. Wale sita walikuwa nyuma yake na watoto wao, kelele tupu, na hakuna aliyethubutu kuwanyamazisha.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, wanao wawili, dada zako, na shemeji yako uliyekuwa ukigombania naye redio.

Miwani yetu tunaisahau kila siku. Wewe, kamwe.