Kifuniko Kwenye Chupa ya Chumvi

Baba watoto,

Tumekimbilia hospitali ya macho, mimi na kitindamimba. Chakula kiko jikoni. Mpe bibi yao dawa yake akishakula, na usimwambie neno mpaka nirudi.

Darubini usiiguse. Chujio la jua liko mahali pake, mbele ya lenzi kubwa, nililikagua mwenyewe. Iliyomponza mtoto ni ile darubini ndogo ya ubavuni, ya kulengea. Haina chujio, ndiyo maana huwa naifunika. Nilipoingia ndani kukuamsha uje utazame jua, nawe ukageuka ukalala tena, huku nje yeye akachungulia humo.

Kifuniko chake nimekikuta kwenye chupa ya chumvi. Kumbe ndicho ulichojisifia juzi: “Mke wangu, kimekaa kama kilizaliwa nayo!” Nami nikacheka, nisikitambue.

Kosa ni ~~lako~~ letu.

Hakulia. Jua likiunguza ndani ya jicho haliumi, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Nilipokuwa namfunga viatu alinitazama, akacheka: “Mama, leo una masikio, lakini huna uso.”

Chumvi ifunike na kisahani.

Mama yake